Dogo ameanza kucheka tena

Wiki hii sina stori ya mabishoo. Nina ya dogo mmoja wa hapa hapa Mugumu, ana miaka 18. Jina simtaji, mtaa simtaji, na ukijifanya unamjua basi umekosea.

Alifiwa na mama yake. Matanga yakaisha, wajomba wakarudi kwao, dogo akabaki na kimya chake. Sisi washkaji tukadhani ni msiba tu. Kumbe! Jioni moja tumekaa karibu na stendi, akaniambia, "Kaka, mama ameondoka bila kunijua."

Kivipi? Akachorachora chini kwa njiti, muda mrefu. Ndipo akasema yeye hajawahi kumpenda msichana. Ni wavulana, tangu aanze kujitambua.

Nakiri, nilitaka kunyanyuka. Nimekulia huku ambako kijana huambiwa "kaza, mura" hata akiwa anazika. Na sheria naijua: kifungu cha 154, miaka 30 hadi maisha jela. Nikageuka kuangalia nani anasikia. Lakini wewe ungemwacha mtoto wa watu pale, machozi yakimdondoka hadi kwenye malapa?

(Hapa hapa kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume humtolea ng'ombe mwanamke mwenzake na kumwoa, nyumba ntobhu, na hakuna anayeshtuka. Najua, ile ni ya kutafuta mrithi, siyo mapenzi. Nimeitaja tu.)

Nikamsimulia Binyavanga Wainaina, yule mwandishi wa Nakuru aliyechukua Tuzo ya Caine mwaka 2002. Mama yake alifariki mwaka 2000, yeye akiwa Afrika Kusini, hakumuwahi. Januari 2014, alipotimiza miaka 43, akaandika kama vile amemuwahi pale kitandani, anamwambia kwamba anapenda wanaume, na kwamba alijijua tangu ana miaka mitano. Hebu piga hesabu: miaka 13 na ushee anatembea na neno ambalo mwenyewe wa kuambiwa yuko kaburini! Kenya ikawaka. Wengine wakamtukana, wengine wakamshukuru. Mwaka 2018 akatangaza kwamba amemchumbia mpenzi wake, na ndoa ni mwaka unaofuata.

"Wakaoana?" dogo akauliza.

Hapo nilitaka kudanganya, nikashindwa. Mauti yalimuwahi Mei 2019, ana miaka 48.

Akanyamaza. Halafu: "Kwa hiyo hata akiwa kaburini unaweza kumwambia?"

Mimi siyo mchungaji, nikamjibu, ila mwenzio alimwambia.

Jumapili akaenda kaburini peke yake. Alichosema huko hajaniambia na sijauliza. Ninachojua ni kwamba kuna mwenzake waliyemaliza naye kidato cha nne, siku hizi yuko Musoma. Wakati wa msiba huyo ndiye aliyekuwa akimpigia kila jioni kumuuliza kama amekula. Swali dogo hilo, lakini nyumba nzima hakuna mwingine aliyekumbuka kuliuliza.

Juzi nikamkuta kwa mama ntilie, simu sikioni, anacheka mpaka chai imeota utando. Meno yake nilikuwa sijayaona tangu tuzike. Aliponiona akakata simu haraka, macho chini.

Nikavuta benchi. "Mpigie tena, mura. Chai nalipa mimi."