Msiseme Fassbinder alichukia watu

Jana usiku tumebishana chumbani mpaka saa nane, leo kipindi cha saa moja nimesinzia tu. Chanzo ni Mjerumani aliyefariki mwaka 1982 akiwa na miaka 37: Rainer Werner Fassbinder. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu filamu yake ya 1974, Angst essen Seele auf, yaani kama vile "hofu kula roho", Kijerumani kibovu cha makusudi, cha mgeni. Kabla haijaisha jamaa mmoja akainuka, eti huyu mtu alichukia binadamu, filamu zake ni giza tupu, hazina funzo. Wengine wakamuunga mkono. Pale nilizidiwa kelele, kwa hiyo nawajibia hapa.

Kwanza, hilo giza liko wapi? Mle ndani hakuna muuaji wala jambazi. Kuna Emmi, mama mjane wa miaka kama sitini, kazi yake usafi. Anaolewa na Ali, fundi wa magari kutoka Moroko, mdogo kwake kwa miaka mingi. Basi, kosa lao ni hilo. Majirani wananuna, mwenye duka anakataa kuwauzia, mtoto wa kumzaa mwenyewe anapiga teke televisheni ya mama yake. Na haya ni Munich, katika Ujerumani Magharibi iliyowaita yenyewe wafanyakazi wa nje. Mkataba wake na Moroko ulisainiwa mwaka 1963! Mikono yao waliitaka, wenye mikono hawakuwataka.

Huyo jamaa aliyeinuka alikosa sehemu yenyewe. Emmi na Ali wanakwenda likizo, wakirudi watu wamekuwa wema ghafla. Kwa nini? Mwenye duka anataka mteja wake. Jirani anataka nafasi ya kuweka vitu kwenye stoo ya chini. Mtoto anataka mama amlelee mwanawe. Hakuna aliyetubu, kila mtu ana shida yake tu.

Na Emmi je, ambaye sote tulikuwa tunamwonea huruma? Akishakubaliwa tu, anaungana na wenzake wa kazini kumtenga mfanyakazi mpya kutoka Yugoslavia. Anawaleta nyumbani wamshikeshike Ali misuli kama ng'ombe wa mnadani. Sasa niambieni, hilo si funzo? Au mnataka funzo linalomhusu mtu mwingine tu, nyie mtoke mmejisafisha?

Mtu anayechukia watu angemwacha Emmi hapo. Yeye hakumwacha. Ali anaanguka kwa vidonda vya tumbo, daktari anasema wafanyakazi wa nje wanaugua sana hivyo na kwamba atarudi tena baada ya miezi sita. Emmi anabaki pembeni ya kitanda na kusema atajitahidi. Mimi hapo nililia, semeni mtakavyo.

Halafu eti alijiona bora kuliko wengine. Kwani yule mkwe mvivu, mbaguzi, aliyekaa anaagiza bia, mlidhani ni nani? Ni Fassbinder mwenyewe! Alijipa nafasi chafu.

Kuna sehemu moja siwezi kumtetea. Aliyecheza Ali, El Hedi ben Salem, alikuwa mpenzi wake, na Fassbinder alijulikana kwa kuwatesa watu wake wa karibu. Ben Salem alifia gerezani Ufaransa mwaka 1977. Kwenye filamu anataja jina lake refu, halafu anasema watu humwita Ali tu. Miaka mingi baadaye ikatengenezwa filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha yake, na kichwa chake kinasema jina lake si Ali. Kwa hiyo ukiniambia Fassbinder naye alimtumia mgeni, nitanyamaza. Lakini hiyo ndiyo hoja yake ileile, imemrudia mwenyewe.

Kati ya 1969 na 1982 alitengeneza kazi zaidi ya 40 za sinema na televisheni. Mimi naomba muimalize moja tu. DVD iko juu ya kabati langu. Safari hii asiinuke mtu.