Kuzuru Nyumba ya Ibada Bila ya Mwongozaji

Tangu nilipokuwa mtoto chuoni sikupata kuvua kofia mahali pa ibada, mpaka siku nilipoingia katika Kanisa Kuu la Kikatoliki la Garissa.

Nilikuwa nimetoka pwani kwa basi, tukapita Garsen na Hola, na shughuli iliyonipeleka ikaahirishwa hadi kesho yake. Garissa haina vijana wa kumng'ang'ania mgeni barabarani kama walivyo Lamu au Malindi. Atakaye kuona twiga huelekezwa Bour-Algi, nje ya mji. Atakaye kuona nyumba ya ibada aende kwa miguu yake na aulize kwa ulimi wake.

Langoni alikuwapo askari mwenye bunduki, kijana wa Kisomali. Akanitolea salamu ya Kiislamu, akanipekua mifuko na mkoba, kisha akauliza nina haja gani. Nikamjibu kwamba nimekuja kutazama tu. Akanikazia macho kidogo, akanipisha. Ndani nilimkuta mama mmoja akifagia. Nikapiga hodi.

"Karibu, mzee. Wamtafuta padre?"

"La, mama. Naomba kutazama, kama yafaa."

"Yafaa. Lakini kofia, mzee. Humu mwanamume huivua."

Nakiri kwamba mkono wangu ulisita. Sisi tuliolelewa chuoni, kusimama kichwa wazi mahali pa ibada ni utovu wa adabu. Kwao adabu ni ileile, ila imegeuzwa nje ndani. Nikaivua, nikaishika kifuani. Tulipofika kwenye sanamu ya Bikira Maria nikamwambia kwamba sisi twamwita Maryam, na kwamba katika Kurani iko sura nzima yenye jina lake. Mama yule alistaajabu. Ameishi Garissa miaka mingi na hapana aliyepata kumweleza hayo. Naye akanionyesha mahali anapoketi siku za Jumapili. "Ni hapa, karibu na mlango. Tangu siku ile."

Sikumuuliza ni siku gani. Tarehe 1 Julai 2012, Jumapili asubuhi, makanisa mawili ya mji huu, hilo la Kikatoliki na lile la AIC, yalishambuliwa kwa bunduki na maguruneti, na watu zaidi ya 15 wakapoteza maisha. Baada ya hapo viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa.

Lau ningekuwa na mwongozaji, naamini nisingeambiwa neno hilo la mlango. Kazi ya mwongozaji ni kusema yeye, na mwenye nyumba anaposikia maelezo yamekwisha kutolewa hunyamaza. Kwetu pwani nimemsikia kwa masikio yangu mmoja wao akiwaambia Wazungu kwamba mihrabu, mahali anaposimama imamu, ni mlango wa siri uliozibwa, waliokuwa wakipitishwa watumwa! Imamu mwenyewe alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale, na hapana aliyemwuliza kitu.

Hata hivyo, nisijisifu. Kwenda bila ya mwongozaji kuna aibu yake, nami niliionja Dar es Salaam miaka kadha iliyopita. Huko Upanga liko hekalu la Wabudha, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, katika miongo ya mwanzo ya karne iliyopita. Uani upo mti wa bodhi, jamaa ya mkuyu wetu, nao wauheshimu kwa kuwa chini ya mti wa namna hiyo ndipo Budha anaposimuliwa kupata mwangaza. Viatu nilivivua pasi na kuambiwa, kama niendavyo msikitini, nikajiona mjuzi. Kofia nikabaki nayo kichwani. Kisha nikaketi na miguu nimeinyoosha kuelekea sanamu ya Budha. Mtawa mmoja akaja taratibu, akaketi kando yangu na kuikunja miguu yake, nami nikafahamu. Habari ya kofia hakuitaja. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwao nako huvuliwa. Kwa hiyo Garissa niliuliza kwanza.

Msomaji atasema haya ni mambo madogo ya kofia na miguu. Kaskazini Mashariki si madogo. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa, wasioweza kutamka shahada wakatengwa, na watu 28 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na huko pia Wakristo ndio waliotafutwa. Tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, karibu na El Wak, basi jingine likatekwa. Safari hiyo abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao, na wanawake wakawavisha Wakristo hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Sisemi kwamba kuzuru kanisa kutazuia risasi. Nasema tu ya kwamba ni vibaya mtu ajifunze namna jirani yake anavyosali kwa kushikiwa bunduki. Walimu na makarani wangapi kutoka bara wamekaa Garissa au Wajir, wakasikia adhana mara tano kila siku, na wakahamishwa bila ya kuona msikiti ulivyo ndani? Hawakuzuiwa na mtu. Hawakumwona wa kumwuliza, basi.

Wako watakaoniuliza kama yafaa Muislamu kuingia kanisani au Mkristo kuingia msikitini. Wasimulizi wa sira wamepokea kwamba wajumbe Wakristo wa Najran walikaribishwa na Mtume katika msikiti wake wa Madina, nao wakasali humo kwa njia yao. Waliofuata baadaye wametofautiana, na mimi si mufti. Ombi langu kwa kamati za misikiti na za makanisa ni dogo mno: baada ya sala ya alasiri, au saa ambayo hakuna ibada, awekwe mtu mmoja mlangoni, mkeka au kiti kimtoshe, amweleze mgeni avue nini, ajistiri vipi, na asipige picha wapi. Wala asilipwe, maana akilipwa tu ataanza habari za milango ya siri.

Nilipokuwa natoka, yule askari aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ndani kukoje, sheikh?" Alikuwa amelilinda lango lile miezi minane. Nikamweleza habari ya mabenchi, ya Maryam na ya kofia. Akaniambia zamu yake humalizika saa kumi. Nikirudi Garissa nitamngoja palepale langoni, tukamwombe mama yule atupokee sote wawili.