Elimu ya Shamba Isomwe Shambani

Halmashauri imepokea ombi ambalo litaletwa mbele yenu katika mkutano mkuu. Ombi lenyewe ni hili: wanafunzi wa chuo cha kilimo wapewe ruhusa ya kufanya majaribio katika mashamba ya wanachama; kila tawi litoe mikarafuu kumi kwa muda wa miaka mitatu; na chama kiwasaidie nauli na vifaa vidogo vidogo. Tangu khabari hii itoke tumesikia maneno mengi. Wako wasemao kuwa mkarafuu si kitu cha kuchezewa na watoto. Wako waulizao kwa nini fedha za chama zilipie kazi ya chuo. Na wako waliokasirishwa hasa na sharti moja, nalo ni kuwa katika kila miti kumi, mitano iachwe kama ilivyo, isifanyiwe jambo lo lote. Sisi twaona ombi lafaa kukubaliwa, na twapenda kueleza sababu zetu mapema, ili kila mtu aje mkutanoni na hoja yake tayari.

Elimu inayoombewa nafasi yaitwa ikolojia, yaani elimu ya namna viumbe wanavyoishi pamoja na kutegemeana, na namna wanavyotegemea udongo, maji, jua na upepo. Elimu hii yaweza kukaririwa kama inavyokaririwa jedwali la hesabu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Kijana aweza kuandika katika mtihani kwamba majani yaliyooza huulisha udongo, akapasi vizuri, wala asiwahi hata siku moja kuinua jani lililooza akatazama ni nani anayekaa chini yake. Ziko maabara zinazofungwa kwa kufuli mwaka mzima kwa kuogopa vioo kuvunjika, na wanafunzi wakachora hadubini kutoka ubaoni. Kijana aliyefundishwa hivyo akiletwa kwetu kuwa bwana shamba, tukamwuliza kwa nini mkarafuu huu unakauka na wa jirani yake haukauki, atatupa jawabu la kitabu. Sisi tutamcheka, yeye ataona haya, na mkarafuu utaendelea kukauka.

Hivi karibuni wajumbe wa chama chetu tulialikwa na wakulima wa kahawa wa Isansa, Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, kule upande wa mpaka wa Zambia. Huko ni nyanda za juu, na mtu aliyezaliwa kisiwani huona baridi ya asubuhi yake kama adhabu. Hakuna mkarafuu hata mmoja. Lakini tuliyoyaona katika shamba la mzee mmoja wa huko yanatuhusu sana.

Wanafunzi wa chuo kimoja cha kilimo walikuwa wamepewa mistari minane ya mibuni. Mistari minne waliitandaza mabua ya mahindi na majani makavu, na minne wakaiacha udongo mtupu. Walitaka kujua mambo mawili: matandazo yafanya nini kwa maji ya mvua, na yafanya nini kwa wadudu wa ardhini. Vifaa vyao havikuwa vya ajabu. Walikuwa na fremu ya mraba ya fito, mita moja kila upande, ambayo huitupa chini na kuhesabu kila mmea uliomo ndani yake. Walikuwa na makopo ya maziwa yaliyofukiwa midomo ikiwa sawasawa na ardhi, ili wadudu watembeao usiku watumbukie. Walikuwa na bati la duara lililokatwa juu na chini, ambalo hulididimiza kidogo udongoni, wakalitia maji ya kipimo, kisha wakatazama saa mpaka maji yaishe.

Maabara yao ilikuwa chumba kimoja katika ghala la kahawa. Huko walikuwa wamening'iniza faneli kubwa, ndani yake wavu, juu ya wavu majani na udongo wa shamba, na juu ya yote taa. Joto la taa hukausha majani toka juu, vidudu navyo hukimbilia chini kutafuta unyevu, mpaka vikaanguka katika chupa ya spiriti iliyowekwa chini ya faneli. Asubuhi chupa hutazamwa kwa kioo cha kukuzia na kila kidudu huandikwa daftarini. Twakiri kuwa tulishangaa. Konzi moja ya majani ambayo sisi tungeifagia na kuichoma moto ilitoa viumbe wengi ambao hatukuwa na majina yao.

Basi ikaja zamu ya kupima maji. Katika mistari yenye matandazo maji yaliingia ardhini kwa haraka. Katika mistari mitupu yalisimama kama ndani ya kikombe. Wanafunzi wakafurahi, wakaanza kuandika kuwa jambo limethibitika. Hapo mwenye shamba, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akitazama kimya mikono nyuma, akasema, "Mwalimu, samahani. Mistari yote mliyoitandaza iko huku chini, na mitupu yote iko kule juu. Udongo wa chini ni mweusi na laini tangu enzi za baba yangu, na wa juu ni mgumu. Mmepima majani au mmepima mteremko?"

Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee, umesema kweli. Shikamoo tena." Watu wakacheka. Lakini kazi ilianza upya siku ile ile. Shamba likagawanywa ngazi tatu kwa kufuata mteremko, kila ngazi ikapewa mistari ya aina zote mbili, na ili mtu asichague mistari aipendayo, wakapiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia. Na aliyeshika kofia alikuwa mzee mwenyewe.

Ndugu wanachama, tukio hili latufundisha pande zote mbili. Mwanafunzi alikuwa na kipimo, lakini hakulijua shamba. Mzee alilijua shamba, lakini miaka yote alikuwa hana kipimo. Kosa lile lisingeonekana ubaoni, maana ubao hauna mteremko. Hiyo kura ya karatasi, ijapokuwa yaonekana kama mchezo, ni elimu kubwa. Katika miaka ya 1920, huko Rothamsted nchini Uingereza, mwanahesabu R. A. Fisher alionyesha kuwa jaribio la shamba haliaminiki mpaka bahati ndiyo igawe vipande, si mapenzi ya mtu. Na katika Rothamsted hiyo hiyo kuna shamba la ngano lililoanza kujaribiwa mwaka 1843, na ndani yake kuna ukanda ambao toka wakati huo hautiwi mbolea. Waingereza si wapumbavu hata wakaacha ukanda mzima na njaa. Wameuacha kwa kuwa bila ya huo hawangejua mbolea imeongeza nini.

Hili ndilo jawabu letu kwa wanaolalamikia miti mitano itakayoachwa. Ukitia dawa miti yote kumi na ikapona yote, waweza kusema ni dawa, waweza kusema ni mvua nzuri, waweza kusema ni rehema ya Mwenyezi Mungu iliyoshuka kwa wote, na hapana awezaye kukupinga wala kukuunga mkono. Mti ulioachwa ndio shahidi. Asiyetaka shahidi hataki hukumu.

Wengine watasema kuwa kahawa ni kahawa na karafuu ni karafuu. Lakini kuna kamba inayounganisha mazao haya mawili. Wazee wetu wanakumbuka ugonjwa wa kifo cha ghafla, ambao mkarafuu wenye afya hugeuka manjano, ukapukutisha majani na kufa umesimama. Watu walikisia mengi. Wachunguzi wawili, Nutman na Roberts, walifanya kazi katika mashamba yetu, na mwaka 1953 wakatangaza aina mbili mpya za ukungu wa mikarafuu, mmoja wakiuhusisha na kifo hicho cha ghafla. Baadaye watu hao hao wakachunguza kutu ya majani ya kahawa huko Kenya, ugonjwa ule ule ambao mkulima wa Mbozi anauogopa leo, na ambao ulipoingia Ceylon mwaka 1869 ulivunja kilimo cha kahawa cha nchi nzima, watu wakageukia chai. Nutman na wenzake waliona jinsi matone ya mvua yanavyoirusha mbegu ya kutu kutoka jani hadi jani. Wengine waliokuja nyuma wakaonyesha kuwa upepo nao huipeleka mbali. Hapana aliyeyajua hayo kwa kukaa kitini. Njia ya kuchunguza ni moja, uwe chini ya mbuni au chini ya mkarafuu.

Sasa tuseme juu ya jambo letu wenyewe ambalo twataka lianze kujaribiwa, nalo ni maji moto. Kila mchumaji anawajua chungu hawa wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba, na kila mchumaji amewahi kushuka mtini kwa ghadhabu kwa sababu yao. Wakulima wengi huyachoma moto matundu yao. Lakini katika kisiwa cha Unguja mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichunguza kwa nini vidaka vya minazi hudondoka kabla ya wakati. Mwaka 1951 alitangaza kuwa mwenye kosa ni mdudu afyonzaye vidaka, mdudu ambaye baadaye alipewa jina la kitaalamu lenye jina la Way mwenyewe, na kuwa minazi yenye maji moto wengi ilikuwa salama zaidi, kwa kuwa chungu hao humfukuza. Akaona tena kuwa wako sisimizi wengine wa ardhini wanaopigana na maji moto na kuwazuia wasikae mnazini. Mwaka 1954 aliandika juu ya urafiki wa maji moto na mdudu gamba: mdudu gamba hufyonza utomvu wa mti na kutoa maji matamu, na maji moto humlinda ili wayanywe.

Tazameni basi ugumu wa jambo hili. Chungu huyo huyo ni mlinzi wa mnazi, ni mchungaji wa mdudu gamba, na ni adui wa mchumaji. Katika mashamba yetu mnazi na mkarafuu husimama pamoja, na matawi yao hugusana. Je, tukiyachoma matundu yaliyo mikarafuuni twapata pishi ngapi zaidi za karafuu kwa siku, na twapoteza vidaka vingapi? Yatosha kuyachoma karibu na msimu wa kuchuma tu? Au kuna miti ya kuachiwa na miti ya kusafishwa? Kila mmoja wetu ana rai yake, na barazani tumeibishania miaka na miaka. Hapana mwenye daftari. Wanafunzi wenye makopo, fremu na subira waweza kutupatia daftari hilo.

Neno la mwisho ni juu ya muda. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka; huzaa sana, kisha ukapumzika. Jaribio la muhula mmoja laweza kutudanganya kabisa, maana laweza kusifu dawa kwa mazao ambayo mti ungeyatoa hata bila ya dawa. Ndiyo maana miaka mitatu imeombwa, na sisi twaiona ni michache kuliko kuwa mingi. Wanafunzi huja na kuondoka. Kwa hiyo yapasa daftari likae hapa chamani, kundi linaloondoka likabidhi kwa linaloingia mbele ya mwenye shamba.

Kwa hiyo twapendekeza mkutano mkuu ukubali ombi, kwa masharti manne. Kwanza, mwenye shamba awepo miti inapochaguliwa, na neno lake juu ya udongo na mteremko liandikwe kabla ya kura kupigwa. Pili, mti usikatwe wala kutiwa dawa bila ya idhini yake, na ukifa kwa sababu ya jaribio, chuo kipande mwingine. Tatu, kila mwaka wanafunzi waje wasome matokeo mbele ya wanachama, kwa Kiswahili, na wakubali kuulizwa maswali. Nne, matokeo mabaya yasomwe kama mazuri, maana kujua kuwa jambo fulani halifai ni faida pia.

Tulipoagana na yule mzee wa Isansa tulimwuliza kama hajutii kutoa mistari yake minane. Alijibu kuwa kwa miaka mingi mabwana shamba walikuja kumwambia, na hawa ndio wa kwanza kuja kumwuliza. Watoto wetu walioko vyuoni nao wana haki ya kufundishwa kuuliza kabla ya kutumwa kutujibu. Chuo kina walimu na vioo. Mikarafuu tunayo sisi. Tusipoitoa, wataendelea kuichora ubaoni.

Uamuzi ni wenu, mabwana na mabibi. Na Mwenyezi Mungu atujaalie msimu wa kheri.

Katibu wa Chama