Pampu ya mtandaoni na maji ya duarani

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, huona mtandaoni pampu ya China kwa bei ya chini kuliko ya dukani Katoro. Hesabu hiyo haijakamilika. Kuna nauli, tozo za forodha, kisha VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya vyote kwa pamoja.

Gharama kubwa zaidi huja siku pampu inapoharibika. Duara likijaa maji, vijana hukaa bure huku mwenye duara akiendelea kuwalisha, wote wakisubiri sili moja tu kutoka ng'ambo. Mwenye duka aliye na vipuri na fundi anastahili faida yake. Asiye navyo, na wapo wengi, hana haki ya kudai bei hiyo. Afadhali mteja aagize mtandaoni, pamoja na sili mbili za akiba.