Kisiwa Si Ghala la Watu

Mwaka 1957 Serikali ya Ugiriki ilianzisha hospitali ya wagonjwa wa akili katika kisiwa cha Leros, ndani ya majengo yaliyoachwa na wanajeshi wa Italia. Wagonjwa waliletwa kwa meli kutoka hospitali nyengine zilizofurika, na wengi wao hawakuwa na jamaa wa kuwazuru. Asiyekuwapo na lake halipo: waliosahauliwa na jamaa zao hawakuchelewa kusahauliwa na wakubwa pia.

Natuitazame siku yao. Mgonjwa aliamka katika bweni lililosongamana, akala, akakaa, akalala tena. Kazi hakuwa nayo, wa kuzungumza naye hakumpata. Wengine walikaa uchi. Wengine walifungwa vitandani. Idadi yao ilipita 2,000, na waliowahudumia walikuwa wenyeji wa kisiwa, wengi wao wavuvi na wakulima walioajiriwa bila ya mafunzo. Hao tusiwalaumu kwa pupa. Mtu aliyepewa funguo na asipewe elimu hujua kufunga tu.

Mwaka 1989 gazeti moja la Uingereza liliifichua hali hiyo, na aibu ikaenea Ulaya nzima. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Jumuiya ya Ulaya, wahudumu walifunzwa, na baadhi ya wagonjwa wakahamia katika nyumba ndogo ndogo miongoni mwa wenyeji. Watu waliodhaniwa kuwa hawawezi lolote wakaanza kuvaa, kupika na kwenda dukani.

Pengine itasemwa kwamba hayo ni ya Ugiriki. La hasha. Sisi wa Unguja na Pemba tunayo hospitali ya Kidongo Chekundu, nayo ipo mjini. Hilo ni jema; lakini ukaribu wa jengo si ukaribu wa watu.

Kwa hiyo tunawaomba wenye dhamana, kila wanapopanga bajeti, waanze na mhudumu: idadi yake, mafunzo yake na mshahara wake. Rangi ya ukuta ifuate baadaye. Nasi wananchi tusiukomeshe udugu kwenye lango la hospitali. Serikali yaweza kuleta dawa, kitanda na daktari; haiwezi kumzuru mgonjwa kwa niaba ya nduguye.