Bure ya gemu ya Ib si bure ya 'utapata jina'

Kama unachora nembo, unahariri video ama unapiga muziki hapa Nairobi, sentensi hii unaijua kama namba yako ya M-Pesa: "Bajeti hakuna kwa sasa, lakini utapata jina." Ukikataa unaonekana una maringo. Kisha unapewa mifano ya watu waliofanya kitu bure wakaja kujulikana dunia nzima, ati nawe ufuate njia hiyo hiyo.

Haya basi, tuchukue mfano mmoja wa kweli tuuchambue. Nimechagua Ib, gemu ya kutisha iliyotolewa bure mwaka 2012 na Mjapani anayejulikana kwa jina la kouri tu. Hakukuwa na kampuni wala wadhamini. Aliitengeneza kwa RPG Maker 2000, programu ya kuundia gemu ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa karibu miaka 12 tayari. Laptopu yako ya mtumba, ile inayopiga kelele kama posho mill ukifungua video mbili, inaicheza bila shida.

Hadithi yenyewe: Ib ni msichana wa miaka tisa. Wazazi wamempeleka kuona maonyesho ya mchoraji anayeitwa Guertena (usimtafute, ni wa kubuni). Anawaacha wakiwa mapokezi, anazunguka akitazama michoro. Ghafla taa zinachezacheza. Anaposhuka chini hakuna mtu. Mlango haufunguki. Kilichobaki ni yeye na michoro, na michoro imeanza kumwita kwa jina.

Wasee wengi wakisikia gemu ya kutisha wanafikiria damu na mtu kuruka usoni pako ukipiga nduru. Vitisho vya hivyo vimo, lakini vichache. Kinachokukosesha amani ni vitu vidogo. Mikono inachomoka ukutani ukipita karibu sana. Kuna sisimizi anayetamani kuona picha yake iliyo mbali, na wewe unaikuta hiyo picha, unailaza juu ya shimo iwe daraja, halafu unarudi juu yake mbio ukifukuzwa na sanamu isiyo na kichwa. Wanawake waliochorwa wanatoka nusu mwili kwenye fremu wanatambaa kukufuata, fremu wakiiburura nyuma. Picha zenyewe ni vidoti vikubwa vikubwa, za kizamani kabisa. Bado nilicheza taa ikiwa imewashwa, na sioni aibu.

Halafu kuna waridi. Ib ana waridi jekundu lenye petali tano, na hizo ndizo uhai wake. Ukiguswa na kitu kibaya, petali inaanguka. Ukipata chombo cha maji, unalitia ndani linachanua tena. Baadaye unakutana na kijana anayeitwa Garry, naye lake ni la buluu, lina petali kumi. Kuanzia hapo hofu inageuka. Ulikuwa unajiogopea mwenyewe, sasa unamwogopea mtu mwingine. Kuna msichana wa tatu, Mary, mwenye waridi la njano, lakini huyo sitakuharibia.

Sasa turudi kwenye pesa. Kwa sababu haikuwa na bei, Ib ilisambaa haraka. Mwaka huo huo shabiki aliitafsiri kwa Kiingereza, watu wakajirekodi YouTube wakiicheza na kupiga mayowe, wengine wakachora wahusika wake. Miaka kumi baadaye, 2022, kouri akatoa toleo jipya lenye picha zilizochorwa upya. Hilo linauzwa. Mwaka 2023 likaingia Nintendo Switch.

Wanaopenda kutuambia tufanye bure huishia hapo: si unaona, alitoa bure, jina likaja, sasa anauza. Lakini wanaruka jambo moja. Ib ilikuwa yake. Hakuna aliyempigia simu saa tano usiku akitaka waridi libadilishwe liwe zambarau na sanamu ziongezwe vichwa. Alitoa bure alichotaka kutoa, na alipotaka kuweka bei akaiweka, kwa sababu haki zote zilikuwa mkononi mwake.

Sasa linganisha na lile bango la tamasha. Unalichora siku tatu, linarudishwa mara nne, mwishowe jina lako halipo hata pembeni. Kesho huwezi kuliuza, maana lina tarehe na nembo ya mtu mwingine. Aliyekuomba amelipia jukwaa, hema, spika na mlinzi wa mlangoni. Mchoraji pekee ndiye hakupangiwa kitu. Hiyo tunaiita bure, lakini kusema ukweli ni wewe umemdhamini yeye.

Sisemi kila mtu aache kibarua akatengeneze gemu. Kodi ya nyumba haingoji petali ichanue, na kukaa miezi na kitu kisicholeta hata mia ni anasa ambayo wengi wetu hatuna. Ila kama una saa mbili za usiku za kutoa bure, mimi ningezitumia kwa kitu chenye jina langu: hadithi fupi, katuni, gemu ya vyumba vitatu. Mtu akiniuliza kwa nini sikumfanyia yeye kwanza, nitamuuliza bajeti yake ya spika.

Wikendi hii ukipata nafasi, cheza Ib. Weka simu mbali, vaa vipokea sauti. Na ukishakutana na Garry, ongea naye kila unapoweza, hata kama anaonekana hana jipya. Gemu ina miisho kadhaa, na mazungumzo hayo inayahesabu kimyakimya.