Kitabu cha Furaha Mkobani



Siku moja kliniki alikuja mama kijana na mtoto wa wiki sita. Uzito wa mtoto ulikuwa mzuri. Mama ndiye aliyekonda, macho mekundu. Nilipomwuliza kama analala, alitoa mkobani kitabu kilichopigwa mistari karibu kila ukurasa.

"Sista, nimekisoma mara mbili. Kinasema furaha ni uamuzi. Nimeamua, lakini haiji. Labda imani yangu ni ndogo."

Kitabu kile nilikifahamu. Ni mimi niliyekisifu na kukipitisha katika kikundi chetu cha akina mama.

Sividharau vitabu hivi. Kile cha mchungaji Norman Vincent Peale wa New York, kilichotoka mwaka 1952 na kufundisha nguvu ya kuwaza mema, kimewatia moyo wengi. Lakini siku hizi ninamkumbuka zaidi Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna. Alipitia kambi 4 za Wanazi, Auschwitz ikiwamo, na alipotoka mwaka 1945 mkewe na wazazi wake wote walikuwa wamekufa. Katika kitabu chake cha mwaka 1946 alieleza maisha ya kambini. Alifundisha kwamba furaha haikimbizwi. Huja yenyewe mtu anapokuwa na kazi ya kufanya au mtu wa kumpenda. Huyo hamlaumu mwenye huzuni.

Tena, mama, kuna huzuni ambayo ni ugonjwa. Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni ya kawaida, nayo huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, ukakosa usingizi hata mtoto akilala, chakula hakipiti, ukajiona hufai, hiyo yaweza kuwa sonona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu akina mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupata matatizo ya akili, hasa sonona. Inatibika, kwa ushauri na hata kwa dawa ambazo daktari huchagua kwa anayenyonyesha. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Nabii Elia alipoomba afe chini ya mti, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Tuliomba, kisha nikamwandikia aonane na daktari. Mumewe alikuwa nje kwenye benchi. Nikamwita, nikamweleza kwamba mkewe ni mgonjwa, na usiku ule yeye ndiye wa kumbembeleza mtoto. Alishtuka, masikini. Alidhani mkewe amenuna.

Kitabu nimekirudisha katika kabati la kikundi. Ndani ya jalada nimeandika kwa kalamu: msomaji wa hiki asiyelala usiku, aje anione.